Jumamosi tatu za msiba na majina yasiyosomwa

JUMAMOSI ya Februari 1, 2003, asubuhi kwa saa za Marekani, chombo cha anga za juu kiitwacho Columbia kilisambaratika juu ya Texas kikiwa kimebakiza dakika 16 tu kitue. Watu saba walikufa.

Jumamosi ya Julai 30, 2005, helikopta ya Rais wa Uganda iliyokuwa ikimrudisha Dk. John Garang kutoka ziara yake huku Ankole iligonga mlima kusini mwa Sudan. Watu 14 walikufa.

Jumamosi ya Machi 22, 2014, boti iliyojaa wakimbizi wa Kongo waliokuwa wakirejea kwao kutoka Uganda ilizama katika Ziwa Albert. Serikali ya Kongo ilihesabu waliokufa kuwa 251.

Wale saba wa kwanza, dunia nzima iliambiwa majina yao. Katika wale 14, wengi wetu tunamjua mmoja. Katika wale 251, ukiacha jamaa zao, ni nani kati yetu anayeweza kumtaja hata mmoja?

Mimi ni mwalimu. Kila asubuhi kabla ya somo la kwanza nafungua daftari la mahudhurio na kuita majina. Asiyeitikia naweka alama, kisha nauliza: yuko wapi? Anaumwa? Amehama? Kazi hiyo haichukui dakika tano, lakini kwa maoni yangu ndiyo kazi yenyewe ya msiba wa hadhara. Kwanza kuita jina, halafu kuuliza kwa nini mwenye jina hakuitikia. Msiba unaoacha moja ya hayo mawili unakuwa ni kelele za siku tatu tu, watu wakishakunja turubai wanasahau.

Saba walioitwa mmoja mmoja

Wanaanga wa Columbia walikuwa Rick Husband, kamanda wao, na wenzake William McCool, Michael Anderson, David Brown, Laurel Clark, Kalpana Chawla aliyezaliwa Karnal nchini India, na Ilan Ramon, Mwisraeli wa kwanza kwenda anga za juu.

Rais George W. Bush alilihutubia taifa lake siku ile ile. Februari 4 ikafanyika ibada ya kumbukumbu mjini Houston. Bendera zilipepea nusu mlingoti. Watu ambao hawakuwahi kuonana na marehemu walifika kwenye lango la kituo cha wanaanga na maua, baluni na barua za watoto wa shule. India iliipa setilaiti yake ya hali ya hewa jina la Kalpana. Mwaka uliofuata, vilima saba katika sayari ya Mirihi vilipewa majina yao, kila mtu kilima chake.

Hayo ndiyo yanayoonekana kwenye televisheni. Yasiyoonekana sana ni watu wa mashambani Texas waliotembea msituni bega kwa bega kwa wiki kadhaa wakiokota mabaki. Vilipatikana vipande zaidi ya 80,000. Katika kazi hiyo, Machi 27, 2003, helikopta moja ya upekuzi ilianguka na kuwaua watu wawili, rubani Jules Mier na Charles Krenek wa idara ya misitu ya Texas. Hawa hawakuwa wanaanga. Walikwenda kusaidia matanga ya wengine yakawafika wao. Hata hivyo majina yao nayo yanatajwa katika kumbukumbu za Columbia.

Likaja na swali. Tume ya uchunguzi ilitoa taarifa yake Agosti 2003. Ilieleza kwamba chombo kiliporuka Januari 16, kipande cha povu gumu linalohami tangi la mafuta kilibanduka na kugonga ubawa wa kushoto. Siku ya kurudi, hewa yenye joto kali ikapenya kwenye tundu hilo. Lakini tume haikuishia kwenye povu. Ilisema wakuu walikuwa wamezoea kuona povu likibanduka safari baada ya safari, na wahandisi walioomba ubawa upigwe picha chombo kikiwa angani hawakusikilizwa.

Yalikuwa yamewapata mengine kama hayo. Januari 28, 1986, chombo Challenger kiliteketea sekunde 73 tu baada ya kuruka. Ndani yake alikuwamo mwalimu mwenzangu, Christa McAuliffe, aliyekuwa amejiandaa kufundisha wanafunzi akiwa angani. Usiku wa kuamkia safari, wahandisi walikuwa wameonya kwamba baridi ingeharibu mipira ya kuzibia maungio ya roketi. Mwalimu wake wa akiba, Barbara Morgan, alisubiri miaka 21. Akaruka Agosti 2007.

Kwa hiyo tusiwaonee wivu wenzetu kwa utajiri wa mashada yao. Tuwaonee wivu kwa mambo matatu: majina yalisomwa yote, sababu iliulizwa hadharani, na kazi ya marehemu ikashikwa na mwingine.

Msiba uliotokea mlangoni petu

Sisi tuliosomea Ankole tulikuwa na msiba wetu wa angani, na ulianzia karibu sana. Rwakitura, nyumbani kwa Rais Yoweri Museveni, iko Nyabushozi, eneo lililokuwa chini ya wilaya ya Mbarara hadi mwaka huo huo wa 2005 lilipokatwa kuwa wilaya ya Kiruhura. Ndiko alikofika Garang mwishoni mwa Julai kuonana na mwenyeji wake.

Wiki tatu kabla ya hapo, Julai 9, Garang alikuwa ameapishwa Khartoum kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Sudan, baada ya mkataba wa amani uliotiwa saini Nairobi Januari 9, 2005 na kumaliza vita vya zaidi ya miaka 20. Kwetu wakimbizi Garang hakuwa mwanasiasa wa mbali. Yeye mwenyewe alisoma ukimbizini. Alitoka kwao akiwa kijana, akasoma sekondari Tanzania, akapata shahada Marekani, akaja Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikofahamiana na Museveni. Mtoto wa ukimbizini aliyefika ikulu! Nakivale jina lake lilikuwa likitolewa mfano darasani.

Nilikuwa Mbarara siku hizo. Jumapili ile habari hazikueleweka. Redio moja ilisema helikopta haijulikani ilipo, nyingine ikasema imeonekana. Televisheni ya Sudan ilitangaza kwamba imetua salama. Madukani watu walipunguza muziki wakingoja Idhaa ya Kiswahili ya BBC. Jumatatu Agosti 1 ikathibitishwa: Garang amekufa, na wote aliokuwa nao.

Huko Khartoum, watu waliokuwa wameambiwa yu mzima wakaambiwa ni maiti. Machozi yakageuka mawe na moto. Siku chache baadaye waliokufa katika ghasia hizo walihesabiwa kuwa zaidi ya 100. Hapa kuna funzo la kwanza. Habari ya kifo haipikwi. Mfiwa akidanganywa siku ya kwanza, siku ya pili hatamwamini mtu yeyote, hata akiambiwa kweli.

Mjane wake, Mama Rebecca Nyandeng, alifanya kazi ambayo askari hawakuiweza. Alisimama mbele ya waombolezaji akawaomba watulie, akasema mtu amekufa lakini aliyoyapigania hayajafa. Mwili ulipitishwa katika miji kadhaa ya kusini ili watu waage, ukazikwa Juba Jumamosi Agosti 6, 2005. Leo Sudan Kusini huadhimisha Julai 30 kuwa siku ya mashujaa wake wote, sura ya Garang imo kwenye noti zao, na Bor kuna chuo kikuu chenye jina lake.

Na swali? Liliulizwa kwa tabu. Agosti 5 Museveni mwenyewe alisema mbele ya waombolezaji kwamba huenda haikuwa ajali tu. Uvumi ukapata mbawa. Serikali ya Uganda ikaanza kuvitisha vyombo vya habari, na Agosti 11 ikaifunga redio ya KFM ya Kampala baada ya mtangazaji Andrew Mwenda kuzungumzia kifo hicho. Mwenda alishitakiwa kwa uchochezi. Kesi yake ilizaa jambo, kwani mwaka 2010 Mahakama ya Katiba iliifuta sheria hiyo ya uchochezi. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Abel Alier, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Sudan, ilitoa taarifa mwaka 2006 na haikuona ushahidi wa hujuma. Hata hivyo, kaa kwenye kibanda chochote cha chai mpakani, utasikia bado watu wakibishana. Swali likizuiwa mwanzoni, jibu likija halina wa kulipokea.

Na majina? Waliokufa walikuwa Garang, Wasudani wenzake sita na Waganda saba. Rubani mkuu alikuwa Kanali Peter Nyakairu. Simama leo katika stendi ya Mbarara umtaje Garang, kila mtu mzima atakujibu. Mtaje Nyakairu, uone wangapi watajua unamzungumzia nani. Ukiwataka wale 12 wengine, itakubidi ukafukue magazeti ya Agosti 2005. Na hawa waliruka na mtu mkubwa. Wanaosafiri na wadogo wenzao itakuwaje?

Discovery juu, Juba chini

Kuna jambo la wiki ile ambalo wengi hawakuligundua. Garang alipokufa, juu ya vichwa vyetu kulikuwa na chombo kingine, Discovery, kilichorushwa Julai 26, 2005. Ilikuwa safari ya kwanza ya aina hiyo tangu Columbia iangamie. Agosti 4, wanaanga wake wakiwa huko huko juu walisimamisha kazi wakawakumbuka wale saba. Siku mbili baadaye Garang akazikwa Juba.

Discovery iliporuka, povu lilibanduka tena. Safari hii halikumdhuru mtu. Lakini wakuu hawakusema "Mungu ametuokoa, tuendelee." Walisimamisha safari zilizofuata karibu mwaka mzima, hadi Julai 2006. Hiyo, mpenzi msomaji, ni heshima kwa marehemu kuliko shada lolote.

Sasa tujitazame sisi watu wa maziwa. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Walikuwamo wachuuzi wa ndizi, wanafunzi, mama na watoto. Rais Benjamin Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo, tume ya Jaji Robert Kisanga ikaundwa, na Igoma kukajengwa mnara. Lakini mpaka leo idadi ya waliokufa hutajwa kwa makadirio ya mamia, kwa sababu abiria wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa, wa daraja la tatu hawakuandikwa. Aliyelipa nauli ndogo alikufa bila orodha.

Septemba 20, 2018, miaka 22 baadaye, kivuko cha MV Nyerere kilichotakiwa kubeba watu 101 kilipinduka Ukara. Waliokufa walizidi 220. Rais John Magufuli alitangaza siku nne za maombolezo. Machozi yalikuwa ya kweli mara zote mbili. Kilichokosekana ni mtu wa kusimamisha safari pale mzigo ulipozidi.

Boti ya warejeao

Nimekuja kwenye Jumamosi ya tatu, nayo ndiyo yetu hasa sisi warejeao.

Wale wa Ziwa Albert wengi walitoka makazi ya Kyangwali, Hoima. Hawakuwa katika msafara ulioandaliwa na Umoja wa Mataifa. Walijirudisha wenyewe, kama tulivyojirudisha wengi wetu. Unasikia kwenu kumetulia, unauza godoro na mahindi, unapanda chombo kilichopo. Boti ilijazwa kupita kiasi. Siku za mwanzo ilizungumzwa miili kama mia moja, kisha Kinshasa ikatangaza watu 251 na maombolezo ya siku tatu.

Wengi wao walikuwa na kadi za ukimbizi zenye picha. Walipokuwa wakipanga foleni ya posho, kila mmoja alijulikana kwa jina, umri na idadi ya watoto. Siku walipopanda boti kurudi kwao wakawa "abiria". Yaani mtu aliandikwa vizuri alipokuwa akingojea mahindi na maharage, hakuandikwa alipokuwa akienda nyumbani!

Nakivale nayo ina siku yake. Makazi haya yalianzishwa mwaka 1958, yakapokea Wanyarwanda, halafu Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo, na leo yana watu zaidi ya laki moja. Julai 14, 2010, askari waliwazunguka Wanyarwanda wa Nakivale na Kyaka, wakawapakia kwa nguvu kwenye malori na kuwavusha mpaka. Walikuwa watu wapatao 1,700. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa lililaani kitendo hicho, likasema wanaume wawili walikufa waliporuka kutoka kwenye malori.

"Wanaume wawili." Ndivyo dunia ilivyowapokea katika habari. Hakuna bendera iliyoshushwa, na mtu akipita leo barabara ya kwenda Isingiro haoni hata jiwe. Texas, waliokufa wakisaidia wana majina. Huku, waliokufa wakirejeshwa wana idadi.

Jina, kijiji, jamaa

Wala si kweli kwamba sisi hatujui kuomboleza. Fungulia redio yoyote ya Mbarara wakati wa matangazo ya vifo. Utasikia kwa Kinyankore jina la marehemu, mtoto wa nani, kijiji gani, atazikwa lini, na orodha ndefu ya ndugu wanaojulishwa, aliye Kabale, aliye Masaka, aliye Kampala. Mkulima wa matoke ambaye hakuwahi kuruka hata kwa ndege ya kawaida husomwa jina lake lote, watu wakiwa wameacha vijiko mezani. Hiyo ni heshima ileile waliyopewa wale saba wa Columbia, tofauti ni bei tu.

Nakivale pia, akifariki mtu, daftari hufunguliwa chini ya turubai. Huandikwa aliyeleta sukari, aliyeleta elfu mbili, aliyeleta kuni. Msomali husaidia msiba wa Mkongo, Mrundi humchimbia kaburi Mnyarwanda. Daftari hilo hutunzwa ili kesho deni la wema lilipwe.

Wahenga walisema kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Taabu yetu ni kwamba mfiwa wetu mara nyingi yuko ng'ambo ya mpaka. Tangazo la Mbarara halimfikii Rutshuru wala Muyinga. Mtu anakufa ziwani au kwenye lori la mizigo, mama yake anaendelea kumuwekea chakula. Kilio hakianzi kwa kuwa mwenye kukianza hajaambiwa, na wa mbali hawana pa kuingilia.

Tulilonalo mikononi

Hatuna vilima vya Mirihi vya kugawa majina. Tuna daftari la kurasa 96 na kalamu, na hilo si dogo.

Kwa mchuuzi wa Mutukula, Kikagati au Bunagana nasema hivi: kabla hujapanda, dai uandikwe. Jina lako, la baba yako, kijiji, na namba ya simu ya mtu mmoja aliye nchi kavu. Konda akicheka, aandike mmoja wenu na orodha ibaki kwa mwenye kibanda pale mnapopandia, kwa maana orodha inayosafiri chomboni huzama na chombo. Na mkiona mzigo umezidi, shukeni. Wahandisi wa Marekani walionya wakapuuzwa kwa sababu hawakuwa na mamlaka ya kuzuia chombo kisiruke. Abiria anayo. Miguu ni yake.

Kwa kamati za makazi Nakivale: kila mtaa uwe na daftari la waliorejea. Fulani na watoto wanne, ameondoka tarehe fulani, kupitia mpaka fulani. Wiki mbili zikipita bila salamu, mtu apige simu. Ndivyo tufanyavyo darasani, na hatuhitaji mfadhili.

Na kwa walimu wenzangu mliosomea ugenini: mnapowafundisha watoto habari za vyombo vya angani, wafundisheni majina ya wale saba, maana hawana kosa. Kisha waambieni watoto waulize nyumbani, katika safari ya kuja na ya kurudi, nani wa ukoo hakufika. Wayaandike majina hayo, yasomwe darasani kila Machi 22. Yatakuwa mengi, na mengine yatasomwa kwa mara ya kwanza tangu wenyewe wafe. Waacheni watoto wayasome polepole, wasiruke hata moja.

Mwandishi ni mwalimu. Alisoma Nakivale na Mbarara kabla ya kurejea kwao.